Hisabati ya Krismasi: mkasi, karatasi na gololi 20

Chemshabongo hunoga mtu anapokuwa na kitu mkononi. Maswali ya kusomwa tu huishia kwa mjuzi mmoja kujibu yote huku wengine wakipiga miayo. Kwa hiyo weka sharti moja: kila mtu abashiri kwanza na kuandika jibu lake, ndipo mkasi uguse karatasi.

Nyota ya mkato mmoja

Chukua karatasi ya A4 ya kawaida. Manila haifai, maana utakata tabaka 10 kwa pamoja. Ikunje katikati mara moja, pande fupi zikutane. Mkunjo utakuwa na urefu wa sentimita 21. Weka alama katikati yake, kwenye 10.5. Hicho ndicho kitovu cha nyota. Ukikosea ukaweka alama upande ulio wazi, mwishoni utaokota vipande vipande.

Weka kipimapembe kwenye alama, laza msingi wake juu ya mkunjo, kisha chora mistari ya nyuzi 36, 72, 108 na 144. Kunja kwenye mistari hiyo mbele na nyuma kwa zamu, kama kipepeo cha karatasi cha kujipepea. Ukiviringisha upande mmoja tu, unene wa karatasi husogeza kila mkunjo kidogo na nyota hutoka na mkono mmoja mnene kuliko mingine.

Sasa una kabari nyembamba. Kuanzia kwenye kitovu, pima sentimita 10 kwenye ukingo mmoja na sentimita 3.8 kwenye ukingo wa pili. Unganisha alama hizo kwa rula, bana karatasi kwa klipu ili tabaka zisiteleze, kisha kata mara moja. Kunjua kipande chenye kitovu: nyota ya pembe tano.

Nyuzi 36 zinatokana na 180 kugawanywa kwa 5. Hiyo 3.8 nayo inatokana na umbo lenyewe: katika nyota hii, kona ya ndani iko umbali wa 0.382 wa ule wa ncha ya nje. Hapa ndipo pa kuchezea. Uliza umbo gani litatoka ukiweka 8.1 badala ya 3.8. Wengi husema nyota nene. Linatoka pembetano kamili, kwa kuwa mkato umekuwa wima juu ya ukingo ule. Ukiweka 10 pande zote mbili, unapata umbo la pande kumi.

Kwa chembe ya theluji, kunja karatasi katikati kama mwanzo, igawe kwenye sehemu tatu za nyuzi 60, kisha kunja kabari katikati na ukate mapambo upendavyo. Theluji nyingi za karatasi hutoka na mikono minane kwa sababu watu hukunja nusu kwa nusu bila kupima. Ya kweli ina sita. Mwanaastronomia Johannes Kepler alijiuliza sababu mwaka 1611, katika kijitabu alichokitoa kama zawadi ya mwaka mpya; leo tunajua ni jinsi molekuli za maji zinavyoshikana kwa mpangilio wa pembe sita.

Kura ya zawadi isiyoharibika

Kila mtu anachomoa jina la atakayempa zawadi. Mkiwa sita, majina yanaweza kugawanyika kwa njia 720, na kati ya hizo ni 265 tu ambamo hakuna aliyejichomoa mwenyewe. Hiyo ni karibu asilimia 37, na hata mkiwa 60 hali ni ileile. Kurudisha jina lako na kuchomoa tena hakutibu: wa mwisho anaweza kubaki na lake, na wote wakajua.

Fanya hivi. Tengeneza kadi kulingana na idadi ya watu. Kadi ya kwanza iandike juu “Wewe ni 1” na chini “Mpe 1”, na hivyo hivyo hadi ya mwisho. Zichanganye zikiwa zimefunikwa, zipange kwa safu, kisha zikate zote katikati. Sogeza safu ya chini nafasi moja kulia. Kipande cha mwisho kirudi mwanzo. Kila mtu achukue jozi moja, asome kwa siri, kisha aandike jina lake kwenye orodha ya wazi mbele ya namba yake. Hakuna anayeweza kujipa, na hata aliyesimamia kura hajui lolote. Ukiruka hatua ya kuchanganya, umeharibu: kila mtu atajua namba yake inafuatana na ipi. Kalamu nzito nayo huonekana upande wa pili, kwa hiyo tumia kadi nene.

Siku 12

Siku ya kwanza unapewa zawadi 1. Ya pili 1 na nyingine 2, ya tatu 1, 2 na 3, hadi siku ya 12. Jumla ni ngapi? Jibu la haraka ni 78, lakini hizo ni za siku ya mwisho pekee. Panga gololi kwa pembetatu zilizopandana: 1, 3, 6, 10. Siku nne humaliza gololi zako zote 20. Ukiendelea hadi 12, zidisha 12 × 13 × 14, gawa kwa 6: zawadi 364. Swali la nyongeza: kila siku ikiwa na aina yake mpya ya zawadi, ni aina ipi imetolewa kwa wingi zaidi? Si ya 12. Ni ya sita na ya saba, 42 kila moja.

Mkichoka kuhesabu, kata ukanda wa karatasi wa sentimita 4 kwa 30, upindue nusu mzunguko na ugundishe ncha. Ukikata katikati kwa urefu, hupati pete mbili bali moja ndefu. Tengeneza mwingine, ukate theluthi moja kutoka ukingoni: utazunguka mara mbili kabla mkasi haujarudi ulikoanza, na pete mbili zitatoka zimeshikana, tayari kwa mnyororo wa mapambo.