Bunju akigoma kula: mkague hivi kabla ya kumtia dawa

Mara nyingi wanaofuga bunju, yule samaki anayejivimbisha, huniita akiwa ameshatiwa dawa. Kijana mmoja wa Ngamiani alinijia mbio asubuhi: "Shikamoo mjomba, bunju wangu leo siku ya tano hali kitu. Nimemtilia mrututu, ndiyo kwanza anazidi." Mrututu ni shaba, na bunju hana magamba ya kumkinga kama changu. Shaba ambayo samaki mwingine huivumilia, yeye humchoma. Yule hatukumwokoa, na bado inaniuma. Kwa hiyo ukisoma hatua hizi usiziruke. Dawa nimeiweka mwisho kwa makusudi.

Nazungumzia bunju wa bahari, hawa wanaonaswa na nyavu kwenye majani ya bahari huku kwetu Tanga. Ukiletewa kinda mwenye madoa meupe (Arothron hispidus), jua kwamba hufika hata sentimita 50. Tangi dogo peke yake litamuuguza.

Hatua ya 1: Mtazame, usimguse

Kaa mbele ya kioo dakika kumi kabla ya kumlisha. Bunju mzima hukuangalia, kila jicho likizunguka kivyake, kisha huja kioo akidai chakula. Kukunja mkia akiwa amepumzika ni kawaida yake. Kuukunja mchana kutwa huku rangi imemkolea na tumbo limebonyea, hapo ana jambo. Matamvua yake hayaonekani kwa urahisi, kwani tundu lake ni mwanya mdogo tu mbele ya pezi la ubavuni, basi tazama mdomo: ukifunguka na kufungika mbiombio, anakosa pumzi.

Usimchokoze avimbe ili watoto wafurahi. Ukimhamisha, mkinge kwa beseni humo humo majini, usimtoe na wavu. Akivimba nje ya maji hujaza hewa, na hewa hiyo humtoka kwa taabu. Ikishatokea, mshike ndani ya maji kichwa kikiwa juu, umtikise taratibu mpaka mapovu yatoke mdomoni. Vidole viwe mbali na meno.

Hatua ya 2: Pima maji

Amonia na nitriti ni sumu zitokanazo na uchafu wa samaki: amonia iwe sifuri, nitriti sifuri. Bunju ni mla nyama mchafuzi, na mabaki ya chakula chake yakilala usiku mmoja tu maji hubadilika. Ukikuta amonia, badilisha theluthi ya maji leo, na kesho upime tena. Wagonjwa wengi ninaoitiwa huanza kula kwa hilo tu, bila hata tone la dawa.

Maji ya bahari nachota Raskazone yakiwa yamejaa. Masika sichoti baada ya mvua kubwa, maana maji ya mito na mitaro huja na tope na kupunguza chumvi. Na umeme ukikatika pampu ya hewa husimama, kwa hiyo uwe na ile ya betri.

Hatua ya 3: Tazama meno

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ukoo wao kwa kisayansi huitwa Tetraodontidae, yaani wenye meno manne, mawili juu na mawili chini, na meno hayo hayaachi kukua. Baharini huyasaga kwa kuvunja magamba ya kombe na kaa. Nyumbani anapewa minofu laini ya kamba kila siku, meno yanarefuka mpaka mdomo haufungi. Anakifuata chakula, anakigonga, anakiacha. Watu husema anaumwa tumbo, kumbe ana njaa.

Kinga yake ni kombe, konokono na kaa wadogo, wapewe na magamba yao. Meno yakishazidi, hayana budi kukatwa, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Tia maji ya tangi lake kwenye beseni. Chukua mafuta ya karafuu, tone moja kwa kila lita, yatikise kwanza kwenye chupa ndogo yenye maji mpaka yawe meupe, ndipo umimine. Hayo humlaza. Akilala ubavu na ukimgusa hashtuki, mshike kwa kitambaa kilicholowa, ukate ncha kidogo kidogo kwa mkasi mdogo wa kutengenezea kucha. Usizidishe dakika moja nje ya maji. Mrudishe kwenye maji safi yenye hewa nyingi, umshikilie mbele ya mkondo wa pampu mpaka aanze kupumua mwenyewe.

Hatua ya 4: Sasa ndiyo dawa

Anakula vizuri lakini anakonda, na kinyesi ni cheupe kama uzi? Huyo ana minyoo, na waliotoka baharini wengi wanayo. Kwa tegu na minyoo bapa natumia prazikwanteli, ile ile ya kichocho: kidonge cha miligramu 600 kwa lita 240 za maji. Kisage vizuri, toa mkaa kwenye chujio, ongeza hewa. Minyoo ya mviringo, dawa hii haiiwezi. Minyoo hiyo hutibiwa na levamisoli ya duka la mifugo, miligramu 2 kwa lita. Soma nguvu yake kwenye pakiti kabla ya kupima.

Vidoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi, naye anajikuna kwenye mawe, ni kimelea Cryptocaryon. Mhamishie tangi la pembeni lisilo na mawe hai (mawe ya bahari yenye viumbe) wala konokono, ushushe chumvi kwa siku mbili hadi kipimo cha uzito wa maji (specific gravity) kisome 1.009, akae hapo siku 30. Maji ya bomba yaache wazi na pampu usiku kucha kabla ya kuchanganya. Chumvi irudishe polepole, kwa wiki nzima. Tangi kubwa nalo likae bila samaki yeyote siku 76, kwani kimelea hujificha chini kikisubiri mwenyeji.

Akifa, mfukie chini sana. Ini na mayai yake yana sumu ambayo moto wa jikoni hauiui, na paka wa jirani hajui hilo.