Ziada ya joto stratosfia itaisha siku ngapi? Kokotoa kwa mkono

Juu ya Tabora na Kigoma, stratosfia, tabaka la anga lililo juu ya lile lenye mawingu na mvua, huanzia karibu kilomita 17 kutoka usawa wa bahari. Mawimbi ya hewa ya ukanda wa ikweta yakipita huko huacha matabaka yenye joto au baridi kupita wastani. Kinachoyasawazisha ni mnururisho, yaani joto linalotoka kama miale, hasa miale ya kaboni dayoksaidi yenye urefu wa wimbi wa mikromita 15. Hewa ya kelvini 220 (karibu −53 °C) ikiongezeka joto kwa kelvini 1 tu, mnururisho wake hapo hupanda takriban asilimia 2, ilhali unaopokewa kutoka kwa hewa jirani uko vilevile. Basi hewa hiyo inatoa kuliko inavyopata, na inapoa.

Chukua joto lililopimwa kwa puto la hali ya hewa, toa wastani wa kimo hicho. Tuseme imebaki ziada ya kelvini 4. Sasa chagua muda wa kufifia, yaani siku ambazo ziada hushuka hadi karibu asilimia 37 yake: karibu siku 5 kwenye kilomita 50, wiki kadhaa kwenye kilomita 20. Katikati hapo tumia siku 10. Kwa muda wa siku 10, kila siku ondoa sehemu moja ya kumi ya kilichobaki: 4, 3.6, 3.24, 2.92. Siku ya 10 utapata 1.39. Jibu kamili ni 1.47; ukienda kwa hatua za nusu siku unapata 1.43, umelikaribia.

Hatua ndefu ni hatari. Ukiruka siku 20 kwa mkupuo, unaondoa 8 kwenye 4, joto linageuka baridi ya −4, jambo ambalo angani halipo.

Unene wa tabaka wengi huusahau, na ndio wenye uzito. Tazama jiko: makaa yaliyotandazwa hupoa upesi, yaliyorundikwa hukaa na moto hadi usiku. Tabaka jembamba lina majirani wa baridi juu na chini yake, linawamiminia joto. Ndani ya tabaka nene kila hewa inatazamana na yenye joto kama lake, hivyo hutegemea kinachotorokea anga za juu tu. Kwa tabaka jembamba, fupisha muda.

Kuanzia kilomita 40 hivi kwenda juu fupisha tena: joto likizidi, ozoni, gesi inayonasa miale ya jua, hupungua, na jua hupasha kidogo.

Puto la kesho yake likionyesha 4 imeshuka hadi 1, usiusingizie mnururisho. Wenyewe ungeacha 3.6. Tafuta hewa iliyopanda, maana kila kilomita 1 ya kupanda huipoza karibu kelvini 9.8.