Kuanza Kujifunza Bagipaipu Ukiwa Mtu Mzima, Ukiwa Moshi

Mtu mzima akiamua kujifunza bagipaipu, ile zumari ya mfuko ya Waskoti, kitu cha kwanza anachokitamani ni mfuko wenyewe kwapani, na hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa. Chombo hiki hakianzwi kwa mfuko. Kinaanzwa kwa chanta ya mazoezi, yaani filimbi nyembamba yenye tete (ulimi mwembamba unaotetemeka na kutoa sauti) ndani yake na matundu manane, saba mbele na moja nyuma, inayopulizwa moja kwa moja kwa mdomo na ambayo sauti yake ni ya upole kiasi kwamba aliye chumba cha pili anaweza kuendelea na usingizi wake. Mwanafunzi hukaa na chanta kwa miezi sita hadi mwaka mzima. Anayeruka hatua hiyo hujikuta akipambana kwa wakati mmoja na pumzi, mkono wa kubana, vidole na masikio, na kwa kawaida vidole ndivyo vinavyotelekezwa, kisha kuvirekebisha baadaye huwa kazi kubwa kuliko kuanza upya.

Madukani Moshi na Arusha sijaiona chanta ikiuzwa, kwa hiyo itakubidi uagize nje au umtume ndugu anayerudi kutoka Uingereza. Agiza iliyo ndefu, ya watu wazima, na usione haya kuchukua ya plastiki, maana ni nafuu, haipasuki kwa ukavu wa Januari na Februari, na vidole havijui tofauti. Jihadhari na bagipaipu kamili zinazouzwa kwa bei ya kutupa mtandaoni: nyingi ni mapambo ya ukutani, na hata fundi hodari hawezi kuzifanya zikubaliane sauti. Vilevile usinunue chombo cha zamani chenye pete za pembe za ndovu, kwa kuwa kukivusha mpakani ni kujitafutia kesi.

Inafaa kujua kwamba bagipaipu nzuri za Uskoti huchongwa kwa mpingo, mti wetu wa taifa, ambao ni mzito kiasi cha kuzama majini na hushika umbo lake vizuri unapolowana na pumzi. Ni hapa hapa Moshi ambapo marehemu Sebastian Chuwa, akishirikiana na Mmarekani James Harris, alianzisha mwaka 1996 mradi wa kuhifadhi na kupanda mpingo. Miti yetu imekuwa ikilia Uskoti muda mrefu kabla yetu sisi kufikiria kuipuliza.

Chanta ikifika, kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mgongo wima, na uegemeze ncha yake ya chini juu ya meza au goti. Mkono wa kushoto ndio wa juu: gumba linaziba tundu la nyuma, kisha kidole cha shahada, cha kati na cha pete vinaziba matatu ya mbele. Mkono wa kulia unachukua manne yaliyobaki, na gumba lake linashikilia tu. Vidole vinyooshwe, wala visikunjwe kama vya mpiga gitaa. Vile vitatu vikubwa vya mkono wa kulia huziba kwa nyama ya pingili ya kati badala ya ncha. Mtu mzima hubana mno. Ukiona alama za matundu zimechorwa kwenye ngozi yako, umebana kupita kiasi, basi legeza.

Nota ni tisa tu, na hapa aliyeimba kwaya ana mtaji. Iite nota ya pili kutoka chini, inayoandikwa A, kuwa «do». Kuanzia hapo utapanda do, re, mi, fa, so, la, lakini badala ya «ti» utakutana na «ta», ile iliyoshushwa nusu, kisha do ya juu. Chini ya do ya kwanza kuna «ta» nyingine. Hizo ndizo zote, na ndiyo maana nyimbo nyingi za kitabuni zinazodai «ti» hazikai kwenye chombo hiki hata ukizibembeleza. Usijaribu kuoanisha bagipaipu kamili na kinanda cha kanisani pia, kwa sababu A yake hulia juu kidogo ya B flati ya kinanda.

Sasa tufike kwenye kiini cha mafunzo. Ukishakuwa na mfuko sauti haikatiki, huwezi kuitenganisha kwa ulimi, wala huwezi kuipandisha au kuishusha nguvu. Nota mbili zinazofanana zikifuatana zitasikika kama moja ndefu, isipokuwa utumbukize katikati nota ya urembo, fupi kama kupepesa jicho. Kabla ya urembo, hata hivyo, shughulikia mabadiliko ya vidole. Chukua kupanda kutoka fa kwenda so, yaani D kwenda E. Kwenye fa, vidole vitatu vya kulia viko juu na kidole cha mwisho kimeziba. Kwenye so, vile vitatu vinashuka, cha mwisho kinanyanyuka, na cha pete cha mkono wa kushoto kinafunguka. Ni vidole vitano, na vyote vinapaswa kutembea kwa wakati mmoja. Vile vya kulia vikitangulia hata kidogo, nota ya chini huchomoza katikati kama kwikwi. Rudia badiliko hilo peke yake, polepole, mara ishirini bila kwikwi, ndipo uendelee. Mimi lilinichukua wiki tatu, na sioni aibu kulisema.

Dakika ishirini kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Mwalimu ni lazima, angalau kwa miezi ya mwanzo, kwa kuwa kosa la kidole halijioneshi kwa mwenye kidole. Kituo cha National Piping Centre kilichoko Glasgow hufundisha kwa intaneti, na wapo walimu binafsi wanaofundisha kwa simu ya video. Saa moja jioni kwetu ni saa kumi alasiri kwao wakati wa baridi, na saa kumi na moja wakati wa kiangazi chao.

Siku ya mfuko ikifika, usiwashe kila kitu. Bagipaipu ina chanta yake yenyewe, ambayo vidole huichezea nota, na mabomba matatu ya mvumo, yaani yanayovuma sauti moja bila kukoma, mawili ya teno na moja la besi. Ziba chanta, besi na teno moja, uache teno moja ilie. Puliza; unapovuta pumzi, mkono wa kushoto ubane mfuko, na unapopuliza tena mkono ulegee. Ni kazi ya mivukuto ya mhunzi: upepo unaingia kwa zamu lakini moto hautakiwi kuyumba. Weka programu ya kupima sauti kwenye simu na uangalie mshale. Ukipanda unapopuliza, unabana na kupuliza pamoja. Mvumo ukitulia dakika nzima, fungua bomba jingine, na chanta iwe ya mwisho. Uzi unaozungushwa kwenye viungio vya mabomba ukilegea, fundi viatu atakupa uzi na nta.

Kila umalizapo, fungua viungio, pitisha kitambaa ndani ya mabomba na uache mfuko upate hewa. Mwaka 2016 madaktari wa Uingereza waliripoti kifo cha mpigaji ambaye mapafu yake yaliharibika, nao walishuku ukungu uliokuwa ndani ya bagipaipu yake.

Mwisho ni majirani. Chombo kamili ni kikali, kwa hiyo vaa vizibo vya masikio na utoke nje, shambani au uwanjani. Siku ya kwanza nilipuliza uani, na mama wa nyumba ya pili akabisha hodi kuuliza kama kuna mbuzi aliyenasa kwenye senyenge. Tukakubaliana: nisipulize wakati wa adhana, wala wa ibada ya Jumapili, wala baada ya saa kumi na mbili jioni.