Kabla hujabandika maji ya pasta, angalia haya kwanza

Jamani pasta ya jioni ukitoka kazini inaiva ndani ya dakika 20 tu, kinachotuchelewesha ni maandalizi, yaani maji yanachemka ndo unaanza kutafuta cha kufungulia kopo, kitunguu saumu hakijamenywa na chujio liko chini ya masufuria yote. Kagua kila kitu kabla ya kuwasha jiko.

Anza na kabati. Pakiti iliyokaa wazi muda mrefu imwage kwenye sinia uangalie kama haijaingia wadudu. Makopo nayo yashike mkononi moja moja, la nyanya, la tuna, la maharage, ukikuta limevimba au linavuja tupa, na tafadhali usionje kidogo eti uone kama limeharibika, sumu ya botulismi, ile inayotengenezwa na bakteria ndani ya kopo lililoharibika, haina harufu wala ladha na kiasi kidogo tu kinaweza kuua.

Kipimo sasa. Gramu 100 za pasta kavu zinamtosha mtu mzima mmoja, kwa hiyo pakiti ya gramu 500 ni watu 5. Maji lita 1 kwa kila gramu 100, na chumvi gramu 10 hivi kwa lita, ila kama sosi yako ina tuna au zeituni za chumvi punguza hapo. Mafuta kwenye maji usitie, hayasaidii pasta isishikane, kinachosaidia ni kukoroga zile dakika 2 za mwanzo.

Alafu kuna kikombe. Hapa naomba unisikilize vizuri maana watu wengi wanaparuka: kabla hujaanza kupika weka kikombe kitupu ndani ya chujio, hivyo hivyo, ili ukilishika chujio ukione ukumbuke kuchota maji ya pasta kabla hujayamwaga. Yale maji meupe meupe yana wanga uliotoka kwenye pasta, na wanga huo ndo unafanya mafuta na maji ya nyanya vishikane viwe sosi moja nzito inayong'ang'ania pasta. Mi nimeshawahi kumwaga yote, nikatia ya bomba, mafuta yakabaki yanaelea juu na pasta chini kavu. Na ukishachuja usiisuuze, utauondoa huo wanga.

Vya sosi viwe tayari vimekatwa. Kitunguu saumu punje 3 au 4, kianze kwenye mafuta yakiwa bado ya baridi, moto mdogo, kikianza tu kuwa rangi ya dhahabu tia nyanya maana kikiungua sosi nzima inakuwa chungu. Kama una ile nyanya nzito ya kopo, vijiko 2 vikubwa vinatosha watu 3, ila usiiongezee maji haraka, ikaange kwanza dakika 2 au 3 huku unaikwangua chini ya kikaangio, utaiona inatoka kwenye wekundu mkali inakuwa rangi ya tofali na mafuta yanaanza kujitenga pembeni, hapo ule uchachu umepungua. Tuna iingie mwishoni kabisa, imeshaiva tayari, ukiipika sana inakauka.

Soma dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, toa 2, tegesha alamu kwenye simu, pasta imalizie kuivia ndani ya sosi.

Sahani ziwe mezani na watu waite kabla ya kuchuja, sio baada, kwa sababu pasta ikikaa hata dakika 5 inaendelea kunyonya sosi na kugandana. Ikikutokea hivyo rudisha moto mdogo, ongeza vijiko viwili vitatu vya maji ya kile kikombe, koroga mpaka ilegee upya, pakua.