Kumhamishia tarantula wa Afrika Mashariki kwenye tangi jipya: anza na udongo

Majuma mawili ya kwanza niliyokaa na buibui wangu sikulala vizuri. Kila usiku, taa zikishazimwa, nilisikia kucha zake zikikwaruza ukuta wa boksi la plastiki, kona hii hadi ile, mpaka alfajiri. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia vidole vinne vya udongo vinamtosha. Nikadhani ana njaa, nikamtupia nyenje. Akawakanyaga akaendelea kuzunguka. Kumbe alikuwa akitafuta mahali pa kuchimba, na kila alipochimba aligonga plastiki.

Huyu ni Pelinobius muticus, aina ya tarantula, yaani buibui mkubwa mwenye manyoya, ambaye wafugaji humwita buibui nyani mfalme. Kwao ni nyika za Kenya na Tanzania. Mimi namfugia Ujerumani, lakini nimekulia sehemu za Voi, na mashimo ya namna hii tuliyajua tukiwa watoto: tundu la duara kwenye ardhi ngumu, mdomo umezungushiwa utando. Ukitafuta habari zake utakutana pia na jina la zamani, Citharischius crawshayi. Ni buibui yuleyule. Jike mzima akinyoosha miguu anakaribia sentimita 20, rangi yake ni kama kutu, na miguu ya nyuma ni minene, imepinda kidogo. Hiyo miguu ndiyo inayokueleza anahitaji nini: ni ya kuchimbia.

Jambo moja kabla hatujaanza. Ukiwa Kenya, usiende kumchimbua porini. Kufuga mnyama pori bila kibali ni kosa kisheria, na buibui huyu hukua polepole mno: jike uliyemng'oa shimoni leo huchukua miaka mingi kupata mbadala wake. Popote ulipo, nunua aliyezaliwa kwa mfugaji, na umuulize muuzaji swali hilo waziwazi.

Hatua ya 1: Udongo

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Kwa jike mzima weka udongo wenye kina cha sentimita 30 au zaidi. Mimi huchanganya udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa, makumbi ya nazi yaliyosagwa, na udongo wa mfinyanzi kidogo. Makumbi peke yake ni mepesi mno, shimo litambomokea.

Nyunyizia maji hadi mchanganyiko ushikane ukiufinya kiganjani bila kuchuruzika. Mimina tabaka la vidole vitatu hivi, ushindilie kwa ngumi, mimina jingine, shindilia tena. Usione haya kushindilia. Ardhi ya nyikani ni ngumu. Ukimaliza, chomeka mpini wa fagio kwa mshazari kandokando ya kioo, kisha uchomoe taratibu. Tundu likisimama bila kuporomoka, udongo umefaa. Likiporomoka, ongeza mfinyanzi uanze upya. Inachosha, najua, lakini ukishamweka ndani huna nafasi ya kurekebisha.

Tundu hilo usilizibe. Lipanue lienee mwili wake, liwe na kina cha sentimita 10 hadi 15, na juu ya mdomo uegemeze kipande cha gome la mti. Yeye ataendeleza mwenyewe. Upande wa nje wa kioo, pale tundu lilipopita, bandika karatasi nyeusi ambayo unaweza kuifunua siku moja moja kumchungulia.

Angalia pia nafasi iliyobaki kati ya udongo na kifuniko: isizidi urefu wa miguu yake iliyonyooshwa. Buibui huyu ni mzito na si mpandaji hodari, lakini siku za kwanza atapanda ukuta. Tumbo lake ni laini kama puto lenye maji. Akianguka kutoka juu linaweza kupasuka, na hapo mara nyingi ndiyo mwisho.

Acha tangi likae siku kadhaa ili uso wa udongo ukauke huku chini kukibaki na unyevu.

Hatua ya 2: Kifuniko, maji na joto

Kifuniko kiwe cha kufungika kabisa, chenye matundu madogo ya hewa. Wavu wa chuma siupendi kwa sababu kucha zake hunasa humo. Weka kisahani cha maji kizito asichoweza kukipindua.

Nyuzi joto 22 hadi 28 zinamtosha. Usiweke mkeka wa umeme chini ya tangi. Kwao joto hutoka juu, na buibui akiona joto limezidi hushuka chini kutafuta ubaridi. Ukimpashia moto kwa chini, kadiri anavyokimbia ndivyo anavyouendea.

Hatua ya 3: Siku ya kuhama

Usimhamishe ikiwa amekataa chakula, tumbo limevimba na rangi imefifia, maana huenda anakaribia kujivua gamba. Ngoja amalize, na ungoje tena hadi mwili mpya ukauke.

Andaa kopo pana la plastiki angavu, karatasi ngumu ya kuzibia, na brashi laini ya rangi yenye mpini mrefu. Weka boksi la zamani ndani ya beseni kubwa, sakafuni, si mezani. Funga mlango, na wote mnaoishi pamoja wajue unachofanya. Mkono wako usiingie ndani hata kidogo. Tarantula wa Afrika hawana zile nywele za kuwasha wanazorusha wenzao wa Amerika. Ulinzi wao ni kuuma, na maumivu yake ni makali.

Mfunike kwa kopo taratibu, pitisha karatasi chini yake, mbebe hadi kwenye tangi jipya, kisha legeza kopo likielekea mdomo wa shimo. Akigoma kutoka, mguse mguu wa nyuma kwa ncha ya brashi. Usimpulizie, pumzi humtibua.

Wangu alinyanyua miguu ya mbele, akafunua chonge, akatoa sauti kama mafuta yaliyoanza kuchemka kikaangoni. Sauti hiyo huitoa kwa kusugua vinyweleo vyake. Kisha akaipiga brashi na kuing'ang'ania. Nilipoinama niliona tone angavu la sumu likining'inia kwenye nywele za brashi. Sikuvuta. Niliiacha brashi palepale, nikarudi nyuma, na baada ya dakika kama ishirini akaiachia, akapapasa ukingo wa tundu kwa mguu mmoja, halafu wa pili, akazama ndani.

Hatua ya 4: Siku za mwanzo

Zima taa uondoke. Usimlishe, usimguse, usihamishe tangi. Akizunguka kuta siku mbili tatu, anapima mahali. Lakini akizidi wiki bila kuchimba, kagua udongo: huenda ni mkavu mno au umelowa kupita kiasi. Ukiona asubuhi vifungu vya udongo vimerundikwa mbele ya gome, furahi.

Baada ya siku saba hivi jaribu nyenje mmoja, mdogo kuliko tumbo lake. Asipomla, mtoe kwa kibano asubuhi. Nyenje aliyeachwa ndani humtafuna buibui anayejivua gamba, kwa kuwa wakati huo hawezi kujitetea. Kukataa chakula kwa majuma kadhaa baada ya kuhama ni kawaida.

Hatua ya 5: Akifunga mlango

Watu wengi hukosea hapa. Ataziba mdomo wa shimo kwa udongo na utando, na hutamwona tena kwa majuma au miezi. Utaanza kuwaza amekufa, utashika kijiko. Kiweke chini. Ukimchimbua akiwa amelala chali anajivua, unaweza kumuua, na hata akipona umemharibia kazi yote.

Wakati huo jaza kisahani cha maji, na mara moja moja mwagia maji kona ya mbali na shimo ili unyevu ushuke chini. Basi.

Wangu alijifungia zaidi ya miezi minne. Asubuhi moja nilikuta udongo wa mlangoni umesukumwa, na juu yake gamba limekunjamana kama glavu iliyolowa, chonge kuukuu bado nyeusi na zinang'aa. Nilifunua karatasi nyeusi kidogo tu. Alikuwa chini kabisa, rangi mbichi ya machungwa, na chonge mpya zilikuwa bado nyeupe. Zikiwa nyeupe au nyekundu hawezi kutoboa chochote, kwa hiyo nilirudisha karatasi na kusubiri ziwe nyeusi. Nyenje wa kwanza nilimpa siku ya kumi na sita, na hakufika hata katikati ya tangi.