Kupita mizani ya Himo na Makuyuni bila kushushishwa mzigo

Mwongozo huu ni wa dereva wa semi, yaani lori la kichwa na tela, anayepakia Arusha au Moshi, iwe unga kutoka mtaa wa Unga Limited, sukari ya kiwanda cha TPC au vitunguu vya Mang'ola. Ukienda Dar unapanda mizani ya Himo, upande wa Babati kuna ya Makuyuni, na barabara ya Namanga ina ya Kimokouwa. Gari lolote la uzito wa kuanzia tani 3.5 linatakiwa kupima. Wengi ninaowaona wamepaki pembeni huku utingo anahangaika na magunia hawakuzidisha mzigo. Waliupanga vibaya tangu ghalani.

Hatua ya 1: Zijue namba za gari lako

Tangu Machi 2019 tunapimwa kwa sheria ya Afrika Mashariki. Ekseli ya usukani, tani 8. Ekseli mbili za difu, zile zinazosukuma gari, zenye tairi nane, tani 18. Ekseli tatu za tela zenye tairi 12, tani 24. Jumla, semi ya ekseli sita inabeba tani 50 pamoja na uzito wake yenyewe. Tela likiwa la supasingo, yaani tairi moja pana badala ya mbili, zile tatu zinashuka hadi 22.5, na tajiri (mwenye gari) aliyebadilisha tairi asipokwambia hilo, atakayelijua kwanza ni mtu wa mizani. Juu kabisa ni tani 56, kwa gari la ekseli saba.

Toa uzito mtupu wa gari, kisha toa na vile vitu visivyoandikwa popote. Matangi mawili yaliyojaa lita 800 za dizeli ni karibu kilo 670. Weka spea mbili, minyororo, turubai lililolowa na jiko la utingo, tani nzima imeondoka.

Hatua ya 2: Simama ghalani wakati wa kupakia

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo madereva wengi huenda kunywa chai. Wapakiaji wanaanza walipopata nafasi, wanajaza nyuma kwa sababu ni karibu na mlango, na wewe unakuta semi imekalia ekseli za tela.

Chukua mfano. Jumla yako ni tani 49, umo ndani, lakini ekseli za tela zinasoma 25. Kutoka pini inayounga tela na kichwa hadi ekseli ya kati ya tela tuseme ni mita 7.5. Ukisogeza tani moja mbele kwa mita moja na nusu, unapunguza nyuma kilo 200 tu. Kuondoa tani nzima unahitaji kusogeza tani 5, yaani mifuko 100 ya sukari ya kilo 50, mmoja mmoja, juani. Na ile tani haipotei: inahamia kwenye difu, kidogo na usukani, kwa hiyo kwanza hakikisha difu ina nafasi.

Ghalani unalimaliza hilo kwa maneno: "Vijana, anzeni mbele, safu mbili za mwisho ziwe fupi." Mbao, mkaa na mchanga vipakie pungufu kidogo msimu wa masika, maana mvua ya njiani nayo inapimwa.

Hatua ya 3: Kagua gari kabla askari hajalikagua

Taa, reflekta, pembetatu mbili, mtungi wa zimamoto, vioo, tairi zisiwe vipara. Hayo unayazunguka mara moja na utingo.

Breki zipe muda. Jaza upepo hadi geji ifike baa 8 au zaidi, zima injini, kanyaga pedali na uishikilie dakika nzima. Ikishuka zaidi ya baa 0.3 kuna mahali panavuja. Mtume utingo asikilize kwenye chemba za breki na mipira ya upepo ya tela. Usiondoke hivyo. Mteremko wa Kikavu unakusubiri kabla hujafika Moshi.

Hatua ya 4: Karatasi

Leseni ya daraja la gari unaloendesha, kadi, bima, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), stika ya Nenda kwa Usalama na hati ya mzigo, zote kwenye faili moja nyuma ya kiti. Angalia pia deni la faini mtandaoni kwa namba ya usajili, ya hosi (kichwa) na ya tela.

Hatua ya 5: Trafiki akikusimamisha

Washa indiketa, toka kabisa barabarani, vuta hendibreki. "Habari za kazi, afande." Subiri aombe, kisha toa anachoomba. Noti iliyokunjwa ndani ya leseni inakuponza wewe na yeye. Kosa likiandikwa ni shilingi 30,000 kwa kila kosa; lisome kwanza kabla hujaondoka, kisha lipa kwa namba ya malipo. Gari zito mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, na penye makazi 50, kwa hiyo Usa River na Bomang'ombe usijitetee kwamba barabara ilikuwa tupu.

Hatua ya 6: Juu ya mizani

Panda taratibu, usipige breki za ghafla, maana zinausukuma uzito mbele na ekseli ya usukani ndiyo inayoumia. Nyoosha gari, subiri ishara.

Ukipewa tiketi usiangalie jumla pekee, soma mstari wa kila kundi la ekseli. Kundi moja likizidi na jumla iko sawa, omba kupanga upya na kupima tena. Jumla ikizidi, mpigie tajiri hapo hapo, atafute gari la kupokea ziada. Faini hupanda kwa kasi kadiri uzito unavyozidi.

Tiketi itunze hadi mizani inayofuata, uzilinganishe. Mzigo haujaguswa na kundi moja limebadilika sana? Fungua turubai uone kama mifuko imeserereka, kisha ingia chini na tochi ukague springi za tela. Jani la springi lililovunjika huonekana kwa mng'ao wa chuma kipya katikati ya kutu.