Kufufua jiko kuukuu la gesi la kuchomea nyama na kuchagua wavu mpya

Majiko ya gesi ya kuchomea nyama yanayofika Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa katika makontena ya mitumba, pamoja na yale yanayouzwa na familia zinazohama, mara nyingi huonekana mabovu kuliko yalivyo. Kifuniko kimepauka, gurudumu moja halipo, na nyavu zimeliwa na kutu kiasi cha kumkatisha mnunuzi tamaa. Hata hivyo, nyavu, vichomeo na mpira wa gesi ni vitu vya kubadilishwa, na jiko lililoundwa vizuri liliundwa kwa kutarajia hivyo. Kinachoamua kama jiko linafaa kununuliwa ni beseni la chini linalobeba vichomeo, pamoja na bomba linalogawa gesi kwenye vali. Beseni la alumini ya kusubu linaweza kukaa miaka mingi karibu na bahari bila kuoza, ilhali la bati lililopakwa enameli hutoboka kuanzia kwenye pembe na mahali zilipopita skrubu. Bonyeza pembe hizo kwa bisibisi. Ikizama, jiko hilo liache. Bomba la gesi likiwa na kutu inayobanduka magamba, liache vilevile, hata kama bei ni ya kutupa.

Kazi ianze kwenye gesi, si kwenye usafi, kwa sababu ni hasara kusugua jiko kutwa nzima kisha kugundua kwamba haliwezi kuunganishwa kwa usalama na mtungi wa hapa. Tafuta kibandiko cha mtengenezaji, ambacho huwa ndani ya mlango wa kabati, nyuma ya jiko au chini ya rafu ya pembeni. Kwanza hakikisha kimeandikwa kuwa jiko ni la gesi ya mtungi, kwani lile la gesi asilia lina matundu makubwa ya kupitishia gesi na likifungwa kwenye mtungi hutoa ndimi ndefu za moto. Kisha soma presha. Majiko ya soko la Ulaya huwa na alama kama I3B/P(30), I3B/P(50) au I3+(28-30/37), na tarakimu zilizo ndani ya mabano ni presha ya gesi kwa milibari. Regyuleta za kawaida za mitungi ya nyumbani hutoa takriban milibari 30, kwa hiyo jiko la alama ya kwanza halina tatizo. La Ujerumani, Austria au Uswisi kwa kawaida ni la milibari 50, na likipewa 30 hupata kama robo tatu tu ya gesi iliyokusudiwa, kwa kuwa wingi wa gesi inayopita hufuata kipeuo cha pili cha presha. Jiko litawaka, lakini kwa unyonge. Dawa yake ni kuagiza jeti, yaani vipande vidogo vyenye tundu la kupitishia gesi, za milibari 30 za modeli ileile. Wapo mafundi watakaojitolea kupanua jeti za zamani kwa drili, na ushauri wangu ni kuwashukuru na kuondoka, maana tundu la jeti mara nyingi halifiki hata milimita moja, na sehemu chache za mia za milimita zinatosha kuharibu moto.

Jiko la Marekani hutumia presha inayokaribiana na yetu, kama milibari 27 au 28, ila nati yake kubwa ya plastiki haishiki kwenye vali za mitungi yetu. Hapo huondolewa mpira pamoja na regyuleta yake, na fundi wa gesi huweka kiungo chenye ncha ya kuvishia mpira wa kawaida unaobanwa kwa klipu. Regyuleta ya zamani isiachwe njiani pamoja na mpya, kwani mbili zikifuatana moto hukosa nguvu. Regyuleta ya presha kubwa, ile inayotumiwa kwenye majiko makubwa ya mama lishe na ya shughuli, isifungwe kamwe kwenye jiko la aina hii. Mpira wenyewe nunua mpya, wala usijiulize mara mbili, kwa sababu mpira uliokaa juani hupasuka nyufa ndogo ambazo huonekana pale tu unapoukunja.

Baada ya hapo fungua vichomeo. Kila kichomeo huingiza hewa kupitia mdomo wake ulio karibu na vali, na mdomo huo ni makazi yanayopendwa sana na buibui. Utando mwembamba tu unatosha kuirudisha gesi nyuma, ikawaka chini ya vitufe badala ya ndani ya kichomeo. Pitisha brashi ndefu ya kuoshea chupa hadi mwisho wa bomba, kisha sugua matundu ya juu kwa brashi ukikatiza upana wa bomba. Ukisugua kwa urefu, uchafu huingia kwenye matundu. Kichomeo ambacho matundu yake mawili yameungana kwa kutu na kuwa tundu moja kimekwisha kazi. Jeti zilowekwe kwenye maji ya moto yenye sabuni na kupulizwa, bila kuchokonolewa kwa sindano wala waya. Wakati wa kurudisha, inama uangalie kwa macho kwamba ncha ya kila vali imeingia ndani ya mdomo wa kichomeo chake, kwa sababu ikikaa pembeni gesi yote itamwagika ndani ya beseni.

Kuvuja hupimwa kwa povu la sabuni, mahali pa wazi penye kivuli, vitufe vikiwa vimefungwa na mtungi ukiwa umefunguliwa. Paka povu kwenye kila kiungo kuanzia mtungini hadi kwenye vali, kisha subiri. Mapovu yakikua, funga mtungi, kaza kiungo na upime upya. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, kwa hiyo kibaraza kilichozungushiwa ukuta hakifai kwa kazi hii wala kwa uchomaji wenyewe.

Usafi hauhitaji maelezo mengi. Magamba meusi yanayoning'inia ndani ya kifuniko, ambayo wengi hudhani ni rangi inayobanduka, ni mafuta na moshi vilivyoungua; yakwangue kwa kipande cha mbao na uyaondoe yote yasije yakadondokea chakula. Beseni la alumini lisiguswe kwa kostiki soda, kwani huila alumini. Rangi ya kustahimili joto ipakwe nje tu. Mabati yaliyolala juu ya vichomeo, ambayo kazi yake ni kutawanya moto na kuzuia mafuta yasidondokee kwenye matundu, yakiwa yametoboka hubadilishwa pamoja na nyavu.

Kwenye nyavu ndiko fedha inakopaswa kwenda, na ndiko wanunuzi wengi wanakobana matumizi. Jiko jipya la bei kubwa lenye wavu mwembamba huchoma vibaya kuliko jiko kuukuu lenye wavu mzito, kwa sababu kipande cha nyama baridi kikitua juu ya fito nyembamba huzinyang'anya joto papo hapo na kunata. Chuma cha kusubu ndicho kinachohifadhi joto kuliko vingine na kuacha alama nzuri kwenye nyama, lakini ni chuma cha kutunzwa: baada ya kila matumizi kinahitaji kupakwa mafuta membamba, na kikiachwa wiki mbili kwenye upepo wa chumvi wa Bagamoyo au Nungwi hugeuka chekundu. Anayechoma kila wikiendi atakifurahia. Anayechoma Idi hadi Idi atajikuta kila mara anaanza kwa kusugua kutu.

Nyavu zilizopakwa enameli huuzwa kwa wingi kwa sababu hung'aa na ni rahisi kuosha. Udhaifu wake ni kwamba enameli ni aina ya kioo: ikigongwa na koleo hubanduka, maji huingia chini yake, na kutu huendelea kuibandua vipande vidogo ambavyo hakuna anayetaka kuvikuta ndani ya nyama. Kama bajeti inaruhusu hizo tu, sugua kwa kikwangua cha mbao. Brashi za waya hazifai kwa wavu wa aina yoyote, maana nyuzi zake hukatika, zikanasa kwenye chakula na kumchoma mlaji kooni au tumboni.

Kwa pwani mimi huchagua chuma kisichoshika kutu, daraja la 304, chenye fito za milimita 8 au zaidi. Daraja hilo lina takriban asilimia 18 ya kromiamu na asilimia 8 ya nikeli, na nikeli hiyo ndiyo inayokosekana kwenye 430, ambalo ni rahisi zaidi na hupata madoa ya kutu mapema. Sumaku husaidia kuyatofautisha, kwani hushika 430 kwa nguvu na 304 haishiki, au hushika kidogo sana mahali fito ilipokunjwa. Lakini isikudanganye: daraja la 201 nalo halishikwi na sumaku, na ni duni kwa 304 mbele ya chumvi. Muuzaji asiyeweza kutaja daraja la bidhaa yake mwulize bei ya 430 na umlipe hiyo.

Ukishindwa kupata wavu wa modeli yako, fundi wa kuchomelea anaweza kuutengeneza, na mara nyingi hutoka imara kuliko wa dukani. Sharti ni viungo vichomelewe kwa argoni au kwa vijiti vya kuchomelea vya chuma kisichoshika kutu. Akitumia vijiti vya chuma cha kawaida, kila kiungo kitaota kutu ndani ya msimu mmoja wa masika. Kataa nondo za ujenzi, ambazo mabonde yake hushika masizi na mafuta, na kataa kabisa wavu uliopakwa zinki pamoja na rafu za friji kuukuu, kwa kuwa mipako yake haikukusudiwa kukaa motoni chini ya chakula. Nafasi kati ya fito na fito isizidi milimita 10 kama utachoma samaki wadogo au kamba.

Vipimo vichukuliwe kwenye kingo za beseni ambazo wavu hukalia, si kwenye wavu wa zamani uliokwisha kupinda na kulika. Chuma hutanuka: fito ya 304 yenye urefu wa milimita 450, joto lake likipanda kwa nyuzi 250, huongezeka karibu milimita 2. Acha milimita 3 hivi kila upande, na ugawe wavu vipande viwili au vitatu ili kila kimoja kiinuliwe kwa mkono mmoja.

Moto wa kwanza uwashe kifuniko kikiwa wazi. Usiposhika kwa sekunde chache, funga gesi na usubiri dakika 5 kabla ya kujaribu tena. Mwali uwe wa buluu wenye ncha ndogo za njano. Ukiwa wa njano mtupu, hewa haitoshi, na hapo kasoro huwa mdomoni mwa kichomeo. Wavu mpya uoshwe kwa sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kisha uachwe juu ya moto mkali kwa dakika 20. Chuma cha 304 kitageuka rangi ya dhahabu au buluu, na hiyo si kutu. Cha kusubu kipakwe mafuta ya kupikia kidogo sana na kuachwa kifuke hadi moshi uishe.

Kabla ya kuweka nyama, tandika slesi za mkate wavu mzima, washa moto wa wastani, na uzigeuze zote kwa pamoja baada ya dakika moja au mbili. Zilizoungua zinaonyesha mahali pa kuanzia nyama, zilizobaki rangi ya kahawia ni pa kumalizia kuku, na safu nzima ikibaki nyeupe juu ya kichomeo kinachowaka, kitoe kichomeo hicho ukipitishe brashi tena.